Mkono Mmoja Mfukoni

Mzee Mika hakukataa kwa ukali. Alimsikiliza mwanawe Amon mpaka mwisho, akapuliza vumbi la mbao kwenye randa yake, kisha akasema, "Chumba kipo. Lakini mtu kufungua mashine za umeme ndani ya nyumba yangu, hapana. Samahani sana, mwanangu."

Samahani hiyo haikuwa ya Amon. Ilikuwa ya Juliana, mke wa Amon, aliyesimama nyuma ya mumewe akiwa ameinamisha macho. Ndiye aliyekuwa anakihitaji chumba.

Juliana alikuwa fundi wa kompyuta. Kule Makambako alikuwa na kibanda karibu na stendi, malori ya kwenda Zambia yakiegesha upande mmoja na nyumba za wageni zikiwa upande wa pili. Watu walimletea printa, laptop, na kompyuta za mezani zilizojaa vumbi la barabarani. Hakuna chuo alichosomea kazi hiyo. Alianza kwa kuomba mashine zilizotupwa, akawa anazifungua na kuzifunga taratibu, akirudia kitu kilekile mpaka akielewe. Sasa Amon, ambaye ni mwalimu, alikuwa amehamishiwa Njombe, nao na binti yao Erica wakahamia nyumbani kwa wazazi. Fremu za biashara za mjini zilikuwa zimejaa. Chumba cha mbele cha Mzee Mika, kinachotazama barabara, kilikuwa na mbao tupu ndani. Akikikosa hicho, kazi yake ya miaka yote ingeishia hapo.

Sababu ya mzee kukataa ilijulikana na familia nzima, ingawa haikuzungumzwa mezani. Mdogo wake, Nikodemo, alikufa kwa umeme. Ilikuwa zamani, nguzo zilipofika mtaani kwao kwa mara ya kwanza. Nikodemo alifungua redio yake ikiwa imechomekwa ukutani, na Mzee Mika alikuwa humo humo chumbani. Aliona. Alipiga kelele, akazunguka chumba kile kama kuku aliyefungiwa, asijue azime wapi. Tangu hapo taa ya chumbani kwake huwashwa na kuzimwa na mkewe.

Mkewe huyo, Mama Esnath, ndiye aliyefungua mlango kidogo.

"Baba Amon," alimwambia jioni moja wakimenya viazi, "wewe ni seremala. Mtu akikataa kiti chako kabla hajakikalia, utamwonaje?"

"Nitamwona mjinga."

"Haya basi."

Mzee alilibeba neno hilo siku kadhaa, akitembea nalo kati ya benchi lake la useremala na shamba la viazi. Kisha akamwita Juliana.

"Jumamosi," alisema, "fanya kazi moja mbele yangu. Kazi ya kweli, si ya kunionyesha. Nitakaa nitazame. Moyo wangu ukitulia, chumba ni chako. Usipotulia, tusiliongelee tena jambo hili, na tusikasirikiane."

Juliana akapiga goti, akashukuru. Alipoinuka, Erica alimwona akitabasamu mwenyewe.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya mwezi wa saba, na Njombe ilikuwa imejifunika ukungu mpaka mti wa parachichi uliokuwa uani haukuonekana. Mama Esnath alikuwa ameshaweka jiko la mkaa katikati ya chumba cha mbele, na Mzee Mika amekaa kando yake, kofia ya sufu imemfunika masikio. Juliana aliingia na kompyuta aliyoileta kutoka Makambako, mali ya Feliciana mwenye stationery. Ilikuwa na ugonjwa mmoja: ikishapata joto inajizima, na kazi ya mteja inapotea njiani.

"Kamwene, Baba," Juliana alisalimia.

"Kamwene, mwanangu. Haya, anza."

Kitu cha kwanza alichofanya Juliana kilikuwa kubeba jiko na kulipeleka nje. Cha pili kilikuwa kufungua dirisha.

"Aa!" Mzee alishtuka. "Mbona unataka tufe kwa baridi kabla ya umeme?"

"Samahani, Baba. Moshi wa risasi ya kuchomelea si mzuri kwa mapafu. Na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa nao unaua, kimya kimya. Nikianza kusinzia nikiwa na waya mkononi, si vizuri."

"Hilo la mkaa ni kweli," Mama Esnath alidakia mlangoni. "Yule jirani wa kule chini nusura aondoke na mkewe."

Kisha Juliana akavua sweta. Hapo Mama Esnath aliingia ndani kabisa.

"Mama Erica, utapata nimonia! Sweta nimekufumia mwenyewe!"

"Na nakushukuru kwa hilo, Mama. Lakini sufu hukusanya umeme mdogo. Ule unaousikia ukitatarika unapolivua usiku. Mtu haumfanyi kitu, ila kumbukumbu ya kompyuta unaiua papo hapo."

Alivaa koti la kazi la pamba, jepesi, lenye mifuko mikubwa. Akavua saa. Akavua na pete ya ndoa, akaifunga kwenye pindo la khanga aliyokuwa ameiweka kando.

Mama Esnath akashika kiuno. "Hee! Na hiyo ya mwanangu inaondoka?"

"Ni chuma, Mama. Ikigusa pasipotakiwa inashika moto na haivuliki kidoleni."

"Amon akiniuliza nitamwambia mkeo kaolewa na kompyuta."

Juliana alicheka, na kwa pembeni aliona hata mdomo wa mzee umelegea. Hilo lilimpa ujasiri wa kusema jambo alilokuwa ameliogopa tangu asubuhi.

"Baba, kazi ya umeme sifanyi peke yangu. Kule kibandani jirani yangu Scholastica, yule muuza vocha, alikuwa anakaa karibu na swichi. Leo naomba uwe wewe."

"Mimi?"

"Ndiyo, Baba."

Mzee Mika aliangalia soketi ya ukutani kwa muda. Kisha akainuka, akasogeza kigoda chake mpaka ukutani.

"Nionyeshe."

Juliana alimwonyesha. Ukibonyeza juu umezima, ukibonyeza chini umewasha. Alimwomba ajaribu mwenyewe, naye akajaribu, kwanza kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa sufuria ya moto, halafu kwa kidole kizima. Akazima, akawasha, akazima. Akarudia bila kuambiwa.

"Ukiniona nimeganda," Juliana alisema, "usinishike. Hata kama nitaonekana nakuomba kwa macho, usinishike. Zima kwanza. Ikishindikana, nisukume kwa mti huu." Akamkabidhi mpini wa ufagio.

Mzee aliupima mkononi, akaugonga kwa kucha, akaunusa. "Paina. Umekauka vizuri," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa ya fundi anayezungumza na fundi.

Sehemu kubwa ya kazi Juliana aliifanya waya ukiwa umechomolewa kabisa, umelazwa mezani mahali ambapo mzee angeweza kuuona. Alifungua kasha, akatoa vumbi kwa brashi, akatoa pawa saplai, yaani lile boksi linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa mashine nzima. Hakulifungua mara moja. Alikaa akisubiri.

"Unasubiri nini?"

"Kuna vitu humu ndani vinaitwa kapasita, Baba. Vinatunza umeme hata baada ya kuchomoa. Kama jiwe la jikoni, unaondoa kuni lakini ukilishika linakuunguza. Naviacha vipoe, halafu navimaliza kwa kifaa hiki, ndipo naingiza mkono."

"Hilo Nikodemo hakulijua," mzee alisema polepole.

Juliana aliona tu kwamba jina lile limetajwa, na mzee hakusimama kuondoka.

Ikafika hatua moja ambayo ilihitaji umeme uwepo. Ilibidi apime ndani ya boksi lile likiwa linafanya kazi, maana ugonjwa wenyewe ulijitokeza kwenye joto tu. Alilieleza hilo wazi. Akaliweka boksi mezani likiwa wazi, likiwa limeungwa na kasha lake la chuma, waya mweusi wa mita ya kupimia umeme ameubana kwenye chuma cha kasha, na waya mwekundu wenye sindano yake ameushika kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto akauingiza mfukoni mwa koti.

Mzee alikunja uso. Katika nyumba ile, na katika nyumba zote za huko, mtoto hasimami mbele ya mkubwa akiwa na mkono mfukoni, na mke wa mwana mbele ya baba mkwe ndiyo kabisa.

Juliana alihisi uso unamwaka. "Ni kwa ajili ya kazi, Baba. Umeme ukiingia mkono huu ukatokea huu, unapita moyoni. Mkono mmoja ukiwa mfukoni, njia hiyo haipo."

Mzee aliwaza. "Endelea," alisema.

"Naomba uwashe."

Akawasha. Feni ikaanza kuzunguka. Juliana aligusa sehemu moja kwa ncha ya sindano, akasoma mita, akagusa nyingine, akasoma. Hakuharakisha. Mita ilikuwa inaanza kumwambia kitu: namba ilikuwa inashuka kidogo kidogo kadiri boksi lilivyopata joto. Aliinama kidogo kuitazama vizuri, na pindo la koti lake likasukuma skrubu moja kutoka mezani. Ikaanguka, ikabingirika mpaka miguuni pa Mzee Mika.

Mzee aliiokota. Alikuwa mtu mwenye adabu, na tena saa hiyo alikuwa amefurahi. Aliishika kwa mikono miwili, kama mtu anavyotoa kitu cha heshima, akamnyooshea mkwewe.

"Chukua, mwanangu."

Huwezi kumwacha baba mkwe amenyoosha mikono. Na huwezi kupokea kwa mkono wa kushoto. Juliana hakuyafikiri hayo, mwili wake uliyajua kabla yake. Magoti yalikunjika kidogo, mkono wa kushoto ukatoka mfukoni, ukaipokea sindano ya mita kutoka mkono wa kulia ili wa kulia uwe huru kwa mzee. Alipougeuza mkono wa kulia, kiwiko kiliegemea kasha la chuma. Kidole gumba cha kushoto kikateleza kwenye sindano, kikashuka mpaka kwenye ncha iliyokuwa bado imegusa umeme.

Hakupiga kelele. Alitoa mlio mfupi, kama mtu aliyekabwa. Mkono haukuachia. Macho yake yalikuwa yanamtazama Mzee Mika moja kwa moja, na Mzee Mika alidondosha skrubu.

Hakumshika. Aligeuka ukutani, akabonyeza.

Feni ikanyamaza. Juliana akarudi nyuma, akaketi sakafuni, mgongo kwenye mbao.

"Mama Amon!" mzee aliita. "Mama Amon, njoo!" Sauti ilikuwa kubwa lakini haikutetemeka, na kidole chake kilibaki kimeikandamiza swichi kama vile ingeweza kuwaka yenyewe.

Mama Esnath alikuja mbio na mikono yenye unga. Alimshika Juliana kichwa, akamwita jina, akamuuliza mtoto wake anaitwa nani. "Erica," Juliana alijibu, na mama akaanza kulia kwa kuwa alikuwa amejibu.

"Niko salama," Juliana alisema. "Lakini naomba twende zahanati. Mtu akipigwa shoti ikapita kifuani lazima moyo usikilizwe, hata akijiona mzima."

Walikwenda wote watatu kwa miguu, si mbali, ukungu ukiwa unaanza kupanda. Mganga alimsikiliza moyo, akampima, akamfunga kidole gumba kilichoungua, akamwambia akae kwanza pale barazani wamtazame. Wakakaa. Baadaye akamsikiliza tena, akasema moyo unakwenda vizuri, ashukuru Mungu na aliyezima. Njiani kurudi Mzee Mika hakusema neno. Alitembea mbele kidogo, akiwa ameibeba khanga yenye pete kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba mayai.

Juliana alijua maana ya ukimya huo. Alipofika nyumbani aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda karibu na moto.

"Mama," alisema, "nitamwomba Scholastica anitunzie kibanda. Nitakuwa nakwenda Makambako nikiweza. Nisipoweza, nitatafuta kazi nyingine. Sitamuuliza tena Baba habari ya chumba."

"Kula kwanza."

"Nimemtisha, Mama. Nimemrudishia yale yale."

"Nimesema kula kwanza."

Ndipo Mzee Mika alipoingia jikoni, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kuingia. Juliana alitaka kuinuka, mzee akamwashiria akae. Naye akakaa, kwenye debe lililogeuzwa.

"Nataka nielewe," alisema. "Sijafika kwenye kuhukumu. Nataka nielewe tu. Ulitoa jiko nje. Ulivua sufu. Ulivua pete. Ulisubiri vile vitu vipoe. Yote niliyaona na yote yalikuwa na sababu. Sasa ulipigwaje?"

"Kidole kiliteleza, Baba."

"Kidole cha mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Wa kushoto ulikuwa mfukoni."

Juliana aliangalia moto.

"Ulikuwa mfukoni, nami niliona," mzee aliendelea bila haraka. "Ulitoka kwa nini?"

Jibu lilikuwepo mdomoni, lakini kulitoa kungekuwa ni kumwambia mzee aliyemwokoa kwamba ndiye aliyemponza. Juliana akageuza geuza kikombe. "Ni uzembe wangu," alisema.

"Sioni uzembe. Nimekaa pale nimetazama, sikuona uzembe."

"Ee Mungu wangu," Mama Esnath alishindwa kuvumilia. Aliweka mwiko chini. "Baba Amon, si wewe ulimpa skrubu! Nilipita mlangoni nikakuona umesimama na mikono yako miwili kama unatoa sadaka! Ulitaka apokee kwa mguu?"

Kuni zikapasuka. Juliana aliinamisha kichwa kwa aibu, kana kwamba ni yeye aliyesema.

Mzee Mika aliinua mikono yake akaitazama. Ilikuwa mikubwa, yenye mikwaruzo ya mbao. Akainyoosha jinsi alivyoinyoosha mchana, akairudisha. Akamtazama mkewe, akamtazama mkwewe.

"Ndivyo ilivyokuwa?"

"Hukuwa na nia mbaya, Baba," Juliana alisema kwa sauti ndogo. "Ulinisaidia. Ningekataaje?"

"Ndiyo. Ungekataaje." Alitikisa kichwa. "Msumeno wangu ule wa mashine ya dizeli ukizunguka, na mimi nasukuma ubao, nani hunisalimia?"

"Hakuna," Mama Esnath alijibu. "Siku ile mchungaji alipokusalimia hukumwitikia. Nikaona haya mimi."

"Na hakukasirika. Alisubiri ubao uishe. Nikazima, nikafuta mikono, nikamsalimia." Mzee akaanza kucheka polepole, kicheko kilichochanganyika na kitu kingine. "Mimi mwenyewe naijua kanuni hiyo miaka yote. Sikujua kama na kompyuta inayo."

Alipomaliza kucheka macho yake yalikuwa na maji, naye hakuyaficha.

"Mwanangu, nikuambie. Siku ya Nikodemo, hakuna kitu nilichotaka hapa duniani zaidi ya kujua pa kuzimia. Nimeota swichi miaka yote, unaelewa? Natafuta ukutani, hakuna. Leo nilipoona macho yako nikasema imerudi. Halafu kidole kikaenda chenyewe. Kilikuwa kinajua pa kwenda, kwa sababu ulinikalisha pale ukanionyesha kabla. Ukanifanya nizime na kuwasha kama mtoto wa chekechea." Akavuta pumzi. "Nakushukuru sana. Sana."

"Baba, mimi ndiye wa kushukuru. Bila wewe—"

"Hapana. Mimi ndiye."

"Lakini ni mimi niliyekuwa—"

"Shukuruni wote," Mama Esnath alisema akiwawekea sahani, "maana viazi vinapoa."

Mzee alichukua kiazi, akakipoza kwa kukirusha kutoka kiganja hiki kwenda kile. Alikula nusu yake ndipo akasema, kana kwamba ni jambo dogo, "Mbao zile nitazihamishia uani Jumatatu. Lakini chumba kitakuwa na masharti."

Juliana aliacha kutafuna.

"La kwanza, hakuna kupokezana kitu mkononi. Anayeleta aweke mezani. La pili, hakuna salamu mpaka uwe umezima na umekaa sawa, hata aje askofu. La tatu," akamtazama mkewe, "mwenye swichi ni mimi. Nisipokuwepo, hakuna kuwasha."

"Na mimi sifai?" Mama Esnath aliuliza.

"Wewe utapiga soga."

Juliana alishuka kutoka kwenye kigoda, akapiga goti pale sakafuni. Alikusudia kusema maneno mengi, ya adabu na yenye mpangilio, lakini lililotoka lilikuwa moja tu. "Asante, Baba." Akalirudia mpaka Mama Esnath akamwinua.

Wiki iliyofuata mzee alimtengenezea meza. Ilikuwa ya mbao kavu, bila msumari hata mmoja unaotokeza juu, na chini ya kiti alitandika kipande cha mpira alichokiomba kwa madereva wa malori Makambako. Soketi aliyokaa karibu nayo ilibadilishwa na fundi umeme mwenye kibali, na pamoja nayo akafunga kifaa cha kukata umeme chenyewe endapo utapita mahali pasipo pake. Juliana ndiye aliyesisitiza hivyo. Alisema Baba ni mlinzi mzuri, lakini hata mlinzi mzuri hupiga chafya.

Siku ya kwanza ya kazi, shangazi wa Amon aitwaye Lidia alifika kutoka Mlangali na kikapu cha maharage. Alikuwa mama wa maneno makali na moyo laini. Alimkuta kaka yake amekaa mlangoni mwa chumba cha mbele, kando ya soketi, mpini wa ufagio magotini, na ndani akamwona Juliana ameinamia kompyuta ya Feliciana, mkono wa kulia unapima, wa kushoto umezama mfukoni. Hakugeuka.

"Kamwene!" Lidia aliita kwa nguvu.

Juliana hakuitikia.

"Kamwene, mkwe!" Akapiga hatua kuingia, na mkono ameshaunyoosha.

Mpini wa ufagio ukashuka mbele yake kama kizuizi cha barabarani.

"Subiri hapo, dada," Mzee Mika alisema.

"Nisubiri? Nimetoka Mlangali tangu alfajiri, mke wa mtoto wangu ananipa mgongo na mkono mfukoni kama dereva wa lori, wewe unaniambia nisubiri?"

"Akiwa kazini ana mkono mmoja tu. Huo mwingine nimeuweka mimi mfukoni."

"Umeuweka wewe? Mika, umezeeka?"

"Nimezeeka, ndiyo. Kaa. Chai ipo."

Lidia hakukaa. Alisimama akipumua kwa nguvu, kikapu kichwani, akimtazama kaka yake aliyejulikana ukoo mzima kwa kuogopa hata balbu, sasa amekaa bega kwa bega na soketi. Akatazama kidole chake kilichokuwa tayari juu ya swichi. Taratibu akashusha kikapu.

Ndani, Juliana aliyasikia yote. Mkono ule wa kushoto ulisogea mfukoni kama unaotaka kutoka. Akaukunja ngumi, akauacha humo humo. Alimalizia kusoma mita. Namba ilisimama, haikushuka tena, ingawa boksi lilikuwa limekwisha kuwa moto. Kapasita mpya aliyoichomelea badala ya ile iliyochoka ilikuwa imekubali.

"Zima, Baba," alisema.

"Nimezima," Mzee Mika alijibu. Alichomoa waya kwa mkono wake mwenyewe, akauinua juu ili Juliana auone, kisha akamgeukia dada yake.

"Sasa msalimie."